Ngozi ya Kweli na Ngozi ya Bandia

Wazee wetu walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Walitaka kutuonya ya kwamba jicho huridhika upesi na sura ya nje, na mwenye kuridhika upesi hudanganywa upesi. Methali hiyo ni ya kale, lakini nataka kukuonyesha, msomaji, jinsi ilivyopata kazi mpya katika zama zetu. Leo mashine nyingi duniani hutambua watu kwa ngozi zao: ngozi ya ncha ya kidole, ya kiganja, au ya uso. Mashine hizo husoma sura ya nje, na wajanja wamejifunza kuiga sura hiyo kwa mpira, kwa gundi na kwa nta. Basi wataalamu wamelazimika kuuliza swali lile lile la wazee: je, ndani mna nini? Chombo wanachotumia kuuliza swali hilo ni nuru. Historia ya jambo hili si ndefu sana, lakini ina mafunzo makubwa, nayo yatuhusu sisi watu wa Kenya kuliko wengi wanavyodhani.

Tuanze mwanzo. Mwezi wa Julai mwaka 1858, afisa mmoja Mwingereza aliyeitwa William Herschel alikuwa akitumikia serikali huko Jangipur, katika Bengal, Bara Hindi. Alifanya mapatano na mkandarasi mmoja, Rajyadhar Konai, amletee vifaa vya kutengenezea barabara. Herschel aliogopa ya kwamba siku moja mtu huyo angeikana sahihi yake; kwa hiyo akampaka wino kiganjani na kumwambia akigandamize nyuma ya karatasi ya mapatano. Wakati ule hakuwa na elimu yo yote juu ya alama zile. Alitaka tu kumtia mwenzake hofu ya kukana. Baadaye alizitazama kwa makini, akakusanya nyingine kwa miaka mingi, akatambua ya kwamba alama za mtu hazibadiliki kadiri umri unavyosonga.

Mwaka 1880 daktari Mskoti, Henry Faulds, aliyekuwa akifanya kazi hospitalini mjini Tokyo, aliandika katika jarida la sayansi liitwalo Nature ya kwamba alama za vidole zaweza kumfichua mhalifu. Mwaka 1892 Francis Galton alitoa kitabu kizima juu yake. Mwaka 1897 ofisi ya kuhifadhi alama za vidole ilifunguliwa Calcutta chini ya uongozi wa Edward Henry, na hesabu iliyowezesha alama hizo kupangwa maelfu kwa maelfu ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Polisi wa London waliichukua njia hiyo mwaka 1901, na kutoka huko ikaenea katika nchi zote zilizotawaliwa na Waingereza.

Katika Kenya elimu hii ilikuja na mkono mzito. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, na ilipoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Waafrika waliotimiza umri wa miaka 16 walilazimika kuchukua kipande. Kipande kilikuwa karatasi yenye jina la mtu, alama za vidole vyake, na habari za kazi na mshahara wake, nacho kilitiwa katika kibweta cha bati na kuning'inizwa shingoni. Aliyekutwa hana kipande alitozwa faini au kufungwa. Chuki ya kipande ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowakusanya watu nyuma ya Harry Thuku. Na tarehe 16 Machi 1922, siku mbili baada ya Thuku kukamatwa, watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi mjini Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Sheria ya mwaka 1947 ilipotaka watu wa rangi zote watie alama za vidole, walowezi wengi wa Kizungu walilalamika vikali ya kwamba jambo hilo lilikuwa likiwavunjia heshima. Hapo, msomaji, pana neno la kukumbuka mpaka mwisho wa insha hii: mtu akiamriwa kuweka kidole chake, huambiwa pia kimyakimya ya kwamba kauli yake peke yake haitoshi.

Kipande cha shingoni kimepita, lakini kidole hakikupita. Kila Mkenya aombaye kitambulisho cha taifa hutoa alama za vidole vyake, na katika uchaguzi wa mwaka 2017 mpiga kura wa Kenya huru alitambuliwa kwa kuweka kidole juu ya kijimashine kidogo. Siku hizi simu ya mfukoni hufunguliwa kwa kidole, na mlango wa ofisi vivyo hivyo. Kidole kimekuwa ufunguo. Na palipo na ufunguo, hapakosi mtu wa kuuchonga mwingine.

Shaka ya kwamba alama ya kidole yaweza kughushiwa si mpya. Mwaka 1907 mwandishi Mwingereza R. Austin Freeman alitunga riwaya ya upelelezi ambayo kiini chake ni alama ya kidole gumba iliyoghushiwa. Mwaka 1924 Mmarekani Albert Wehde, fundi wa kuchora nakshi katika madini, alishirikiana na mwandishi mmoja kutoa kitabu cha kueleza ya kwamba alama za vidole zaweza kughushiwa. Hata hivyo, kwa muda mrefu hatari hiyo haikuwa kubwa kituoni, kwa sababu karani wa polisi alikishika kidole cha mtu kwa mkono wake mwenyewe, akakipaka wino, akakibingirisha juu ya karatasi. Angekuwa mzembe wa ajabu asitambue ya kuwa ameshika mpira. Mambo yalibadilika karani alipoondoka na mashine ikakaa mahali pake.

Ili uelewe jinsi mashine inavyodanganywa, yafaa ujue jinsi inavyosoma. Ngozi ya ncha ya kidole ina matuta membamba, na baina ya matuta mna mifereji. Katika mashine ya kawaida ya kioo, nuru humulikwa kutoka chini kwa mshazari. Penye mfereji, kidole hakigusi kioo; nuru hufika kwenye mpaka wa kioo na hewa, ikarudishwa yote kama katika kioo cha kujitazamia. Penye tuta, ngozi hugusa kioo, na nuru hupotea ndani yake. Hivyo kamera huona mistari myeusi na myeupe, na hiyo ndiyo picha ya kidole. Sasa fikiri: kitu cho chote chenye matuta yale yale, kilicho laini na chenye unyevu kidogo, kitagusa kioo vile vile. Mashine haiulizi kama kuna mtu nyuma ya matuta hayo.

Aliyelionyesha jambo hili wazi kabisa ni Tsutomu Matsumoto, profesa wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama, Japani. Mwaka 2002 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya majaribio yao. Walikandika kidole katika plastiki laini wakapata kalibu, kisha wakamimina ndani yake jelatini, kitu kile kile kinachotumika kutengeneza peremende za kutafuna. Walifanya hata zaidi: walichukua alama iliyoachwa na kidole juu ya kioo, wakaipiga picha, wakaichonga juu ya ubao wa shaba, wakamimina jelatini juu yake. Walijaribu vidole hivyo vya peremende katika mashine za namna 11, na zote 11 zilidanganyika. Jelatini ina maji kama ngozi, kwa hiyo hata zile mashine zinazopima umeme wa ngozi hazikupona.

Tangu hapo mifano iliongezeka. Mwaka 2008 chama cha wataalamu wa kompyuta cha Ujerumani, Chaos Computer Club, kilitangaza hadharani alama ya kidole cha Wolfgang Schäuble, waziri wa mambo ya ndani, iliyotwaliwa kutoka katika bilauri aliyonywea maji. Mwaka 2013 chama hicho hicho kilifungua simu mpya ya iPhone kwa kidole cha bandia, siku chache tu baada ya simu hiyo kuanza kuuzwa. Katika mwaka huo huo, katika mji wa Ferraz de Vasconcelos karibu na São Paulo, Brazili, daktari mmoja alikamatwa akiwa na vidole sita vya silikoni. Alikuwa akivitumia kuwaandikisha kazini wenzake ambao hawakuwapo. Fikiri hasara hiyo: mgonjwa yupo, mshahara umelipwa, mashine imeshuhudia ya kuwa daktari amefika, lakini aliyefika ni kipande cha mpira.

Kuna hatari nyingine iliyo ya kutisha zaidi. Mwaka 2005 wezi nchini Malaysia waliiba gari lililowashwa kwa alama ya kidole, na ili waweze kulitumia walimkata mwenye gari ncha ya kidole chake. Utaona basi ya kwamba kuitambua ngozi iliyo hai si kulinda mali tu; ni kulinda mwili wa mwenye mali. Mwizi akijua ya kuwa kidole kilichokatwa hakifungui kitu, hana sababu ya kuchukua kisu. Tena, mtu akiibiwa ufunguo hubadili kufuli, na akiibiwa neno la siri hutunga jingine. Lakini aliyeibiwa alama za vidole vyake atapata wapi vidole vingine? Haya ndiyo yaliyowasukuma wataalamu kutafuta njia ya kutazama chini ya ngozi.

Njia hiyo waweza kuianza mwenyewe usiku wa leo. Ingia gizani, washa tochi ya simu, uifunike kwa ncha ya kidole. Kidole kitang'aa chekundu. Kwa nini kiwe chekundu, na hali nuru ya tochi ni nyeupe? Nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Ikiingia mwilini, hemoglobini, ambayo ni kile kitu katika damu kinachobeba oksijeni, humeza sana rangi za buluu na kijani, na kuiachilia nyekundu ipite. Tena nuru ya buluu haifiki mbali. Hukomea karibu na ngozi ya juu. Nyekundu huzama ndani zaidi, hugongana na nyama huku na huko, kisha hutokea upande mwingine. Basi kila rangi ni mjumbe atumwaye katika kina chake, na kila mjumbe hurudi na habari zake.

Wazo hilo ndilo lililotumiwa na kampuni ya Lumidigm, iliyoanzishwa mwaka 2001 katika mji wa Albuquerque, Marekani. Asili ya kazi yao ilikuwa katika utafiti wa utabibu, wa kupima mwili kwa nuru bila kuuchoma kwa sindano. Walitengeneza mashine inayomulika kidole kwa rangi kadhaa mbalimbali, moja baada ya nyingine, kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho, na kupiga picha kila mara. Katika picha hizo mashine hutafuta alama za damu. Hemoglobini iliyoshika oksijeni humeza nuru kwa nguvu penye mawimbi ya nanometa 540 hivi, na tena karibu na nanometa 577. Silikoni haina tabia hiyo. Mtu aweza kuitia rangi mpaka ifanane na ngozi machoni petu, lakini kuifanya imeze nuru sawasawa na damu katika kila rangi ni kazi nyingine kabisa.

Kuna hila ya pili. Nuru yaweza kuchujwa ili mawimbi yake yatikisike katika upande mmoja tu. Nuru hiyo ikirudishwa na uso wa ngozi, hubaki katika mtikisiko wake. Ikiingia ndani na kugongwa mara nyingi, hupoteza mpango huo. Kamera ikiwekewa chujio lililokingamana na lile la kwanza, huikataa nuru ya juujuu na kupokea ile iliyotoka vilindini. Kwa njia hii mashine huona kile ambacho mkakasi hauwezi kukionyesha, yaani kilichomo ndani.

Hila ya tatu ni mwendo. Gandamiza kidole chako juu ya kioo cha dirisha, nawe utaona kikipauka, kwa maana damu imesukumwa. Ukilegeza, damu hurudi. Zaidi ya hayo, damu hupiga kwa mapigo ya moyo. Mjapani Takuo Aoyagi alitumia mapigo hayo mnamo mwaka 1974 alipobuni njia ya kupima oksijeni ya damu kwa nuru, na leo hospitalini utaona kibanio kidogo kilichotiwa katika kidole cha mgonjwa kikifanya kazi hiyo. Mashine ya kutambua watu yaweza kuyatazama mapigo hayo hayo na kuuliza: je, kidole hiki kina moyo nyuma yake?

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1991 wanasayansi wa Marekani walitangaza njia ya kupima mwangwi wa nuru, kama vile baharia apimavyo kina cha bahari kwa mwangwi wa sauti. Njia hiyo, iliyoanza katika uchunguzi wa jicho, huonyesha matabaka ya ngozi mpaka kina cha milimita moja au mbili. Mwaka 2006 ilionyeshwa ya kuwa yaweza kufichua kidole cha bandia, kwa maana utando uliobandikwa huonekana kama tabaka la kigeni juu ya ngozi. Huonyesha pia ya kwamba chini ya matuta ya nje yamo matuta mengine ya ndani yenye ramani ile ile. Katika bara letu wenyewe, watafiti wa baraza la sayansi na viwanda huko Pretoria, Afrika Kusini, wamelichunguza jambo hili. Nalo lina faida kubwa, kwa kuwa matuta ya nje yakilika kwa kazi, yale ya ndani hubaki.

Uso nao una hadithi yake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2010 kijana mmoja alipanda ndege Hong Kong kwenda Vancouver, Kanada, akiwa amevaa uso wa silikoni wa mzee wa Kizungu. Watu waliona ya kuwa mikono ya mzee huyo ilikuwa kama ya kijana. Miaka kumi kabla ya hapo, Ioannis Pavlidis na Peter Symosek wa Marekani walikuwa wamekwisha kueleza jinsi ya kufichua sura ya kujibadilisha kwa nuru isiyoonekana kwa macho, iliyo ng'ambo ya nyekundu. Siri yake ni maji. Ngozi ya binadamu imejaa maji, na maji humeza sana nuru yenye mawimbi ya nanometa 1450 hivi. Kwa hiyo, katika kamera ya nuru hiyo, ngozi ya kila mtu huonekana nyeusi, awe Mluo, Mhindi au Mswidi, na hali silikoni huonekana namna nyingine. Vipimo vilivyotolewa mwaka 1955 na John Jacquez na wenzake vilikwisha kuchunguza jinsi ngozi inavyorudisha nuru hiyo, na twajua ya kuwa melanini, yaani rangi ya asili itutofautishayo kwa macho, huwa na nguvu ndogo sana katika mawimbi hayo marefu. Katika nuru hiyo wanadamu wote ni wa rangi moja.

Je, vita vimekwisha? La, hasha. Mwezi wa Desemba mwaka 2018, wataalamu wawili wa Ujerumani walionyesha mkono wa nta uliochorwa mishipa ya damu, ukadanganya mashine zilizosoma mishipa ya kiganja kwa nuru isiyoonekana. Nao utando mwembamba ukibandikwa juu ya kidole kilicho hai ni adui mgumu, kwa kuwa damu ya kweli huonekana nyuma yake. Ndiyo maana tangu mwaka 2009 vyuo vikuu vya Cagliari, Italia, na Clarkson, Marekani, vimeendesha mashindano ya kupima njia hizi. Hupima makosa ya namna mbili: kukubali ngozi ya bandia, na kukataa ngozi ya kweli.

Kosa hilo la pili ndilo ninalotaka ulifikirie kwa makini, msomaji. Kosa la kwanza humpa mwizi mali. La pili humwita mkweli mwongo. Mwashi aliyeshika mawe na saruji miaka 30, mkulima ambaye jembe limemla matuta ya vidole, mzee ambaye ngozi yake imekauka: hao wote wana vidole vya kweli, ila mashine yaweza kuwakatalia. Rangi nayo imekwisha kutia watu hatarini. Mwezi wa Desemba mwaka 2020, madaktari wa Marekani walitangaza ya kuwa kile kibanio cha kupima oksijeni kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Nuru haina upendeleo, lakini mwenye kuitafsiri aweza kuwa amejifunza kwa ngozi za watu wa namna moja tu. Mashine iliyofundishwa hivyo, ikikutana na ngozi asiyoizoea, yaweza kuiita bandia.

Babu zetu walivaa kipande kwa sababu mtawala hakuwaamini, wala hawakuulizwa jinsi kipande hicho kitakavyotengenezwa. Kizazi chenu hakina haja ya kukaa nje ya mlango namna ile. Elimu ya nuru, ya damu na ya hesabu, inayotumika katika mashine hizi, ndiyo ile ile mnayofundishwa darasani. Yupo miongoni mwenu atakayeunda mashine ya kutambua watu, na atakayeinunua kwa niaba ya serikali, na atakayesimama mbele yake na kukataliwa. Wa kwanza na aijaribu kwa vidole vya mwashi na mkulima kabla ya kuisifu. Wa pili na aulize imejaribiwa kwa ngozi za nani kabla ya kulipa. Naye wa tatu asione haya kusimama na kusema: kidole hiki ni changu, nami ni hai, itazameni tena mashine yenu.